Nimechoka na wauzaji wa krokasi za vuli: miaka miwili, majina ya uongo, na sasa wameniletea virusi bustanini

Wakuu, habari zenu. Nilisema ngoja hasira zipoe kwanza ndipo niandike. Zimegoma kupoa, kwa hiyo mtanivumilia, uzi ni mrefu.

Mimi ni mgonjwa wa krokasi za vuli, yale maua madogo kama vikombe yanayoota kutoka kwenye matunguu ya chini ya ardhi. Siongelei zile za majira ya kuchipua ambazo kila mtu anazo. Naongelea hizi zinazochanua kuanzia Septemba hadi Novemba, miti ikiwa inapukutisha majani na bustani nzima imeshakata tamaa. Nyingine zinatoka ardhini uchi kabisa, ua bila jani hata moja, kama mtu kapita usiku akachomeka vikombe kwenye udongo. Ukishaziona mara moja, umekwisha. Na hawa jamaa wanajua kwamba tumekwisha, ndiyo maana wanatufanya wanavyotaka.

Mwaka juzi niliagiza matunguu mwezi Mei. Mei, wakuu. Nilitaka aina tatu za krokasi, Crocus banaticus, goulimyi na niveus, zote si za kuokota popote. Kwenye oda niliandika kwa herufi kubwa kwamba mzigo unifikie kabla ya katikati ya Agosti. Aliyewahi kuzipanda anajua sababu: ua la vuli linaundwa ndani ya tunguu kiangazi hichohicho, na udongo ukianza kupoa tu mizizi inatoka. Tunguu halimsubiri mtu. Liwe ardhini, liwe kabatini, siku yake ikifika linachanua.

Boksi lilifika tarehe 19 Oktoba.

Mfuko wa kwanza wa karatasi ulikuwa umevimba upande mmoja. Nikauchana. Maua yalikuwa yameshatoka humo humo gizani: mirija mirefu myeupe kama minyoo, imejikunja mara mbili mara tatu ikitafuta pa kutokea, na petali zimegandana zikawa rangi ya karatasi iliyoloa ikakauka. Nikajaribu kuunyoosha mmoja taratibu kwa vidole. Ukakatika. Vuli yangu ya mwaka ule ilifia kwenye bahasha.

Mfuko wa banaticus ndio ulionitoa machozi. Ulikuwa mwepesi mno. Nikalibonyeza tunguu moja, likaingia ndani kama ganda tupu, na lilikuwa ganda tupu kweli. Hawa watu wanahifadhi krokasi zote kwa mtindo mmoja: trei, chumba kikavu, joto. Goulimyi na niveus zinastahimili, kwao ni kusini mwa Ugiriki ambako kiangazi ardhi inakauka kama tofali. Lakini banaticus ni mmea wa Romania na majirani zake, unaishi kwenye majani na kingo za misitu, hautaki kukaushwa hata wakati umelala. Unatakiwa ufungwe kwenye udongo wa mboji wenye unyevu kidogo na usafirishwe haraka. Mtu anayejiita mtaalamu wa krokasi adimu hajui hilo? Au anajua, ila kukausha vyote kwenye trei moja ni rahisi zaidi?

Nikawaandikia. Jibu likaja baada ya siku tisa: mimea ni viumbe hai, hali ya hewa haikuwa nzuri, wewe panda tu na mwakani yatachanua.

Hali ya hewa ya wapi? Ya stoo yako?

Na hilo la "mwakani yatachanua" naomba tulimalize leo, maana hata humu ndani kuna watu wanalirudia. Tunguu la krokasi halina maganda maganda ndani kama kitunguu. Ni shina gumu lililojaa akiba, na akiba hiyo ni ya mwaka mmoja tu. Likishatoa ua na majani linanyauka, na juu ya mgongo wake linaumbika jipya. Hilo jipya linanenepa kutokana na kazi ya majani na mizizi tangu vuli hadi majira ya kuchipua. Sasa wewe umenipa tunguu lililomaliza nguvu zake kwenye bahasha, mizizi haijashika hadi Novemba, litanenepesha nini? Mwakani napata kitu cha ukubwa wa punje ya njegere, na tunguu dogo halitoi ua, linatoa jani moja au mawili tu. Hapo nimepoteza miaka miwili au mitatu, nikibahatika panya na kindi wasifike kwanza.

Nilipowabana wakakubali kunifidia. Mwaka jana mzigo ulifika Agosti mwanzoni, kwa wakati kabisa, na juu yake wakaongeza "zawadi", matunguu kumi ya kotschyanus, aina nyingine ya krokasi. Nikafurahi kama mtoto. Laiti ningejua.

Goulimyi nilizishuku tangu siku ya kuzipanda. Nililishika moja nikalitazama kwenye mwanga wa dirisha. Ganda lake lilikuwa jembamba, na kule chini, kwenye kitako, lilikuwa linaachia vipete, kimoja juu ya kingine, unaweza kukivua kimoja kwa ukucha. Goulimyi haina vipete. Ganda lake lina uso laini na ni gumu. Nikajiambia labda macho yangu, nikapanda, kina cha sentimita nane hivi, changarawe chini na juu. Mwisho wa Septemba yakachomoza maua makubwa ya buluu ya zambarau yenye mishipa iliyokolea, bila jani, na katikati kishada cha nyuzi za rangi ya chungwa kilichochanika chanika. Wazoefu mmeshajua. Hiyo ni speciosus, krokasi ya vuli iliyo rahisi na ya kawaida kuliko zote! Goulimyi ya kweli hutoa majani pamoja na ua, rangi yake ni ya urujuani mpole, inasimama kwenye mrija mrefu mwembamba, na stigma yake, yaani zile nyuzi za katikati, ina matawi matatu tu. Mmea huu uliingia kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1955 kwa jina la Mgiriki Constantine Goulimis, na kwao ni kusini mwa Peloponnese. Mimi nimelipishwa bei ya goulimyi, nimepewa speciosus. Sawa na kulipia farasi ukakabidhiwa punda, tena punda ambaye kila mtu anamgawa bure.

Niveus? Ilichanua Machi. Ya njano. Sina la kuongeza.

Yote hayo ningeyameza. Kilichonileta hapa ni ile zawadi.

Kotschyanus ni krokasi nzuri ikiwa safi, ya zambarau nyepesi, na ukichungulia kooni unaona madoa mawili ya njano kwenye kitako cha kila petali. Tatizo lake linajulikana miaka mingi: matunguu mengi ya biashara yamejaa virusi, kwa sababu yanazalishwa kwa kugawa vitoto vya tunguu, na tunguu mama likiwa gonjwa ukoo wote ni mgonjwa. Zangu zilichanua zikiwa zimejikunja, petali moja pana nyingine nyembamba, rangi imemwagika vipande vipande. Nilipaswa kuzing'oa siku ileile. Nikasema labda ni baridi, ngoja nione majani. Majani yakatoka na mabaka ya kijani hafifu, yamepindapinda. Kufikia hapo vidukari walikuwa wameshafanya kazi yao, wananyonya hapa wanahamia pale.

Hatua mbili tu kutoka hapo kuna kichaka changu cha krokasi nyingine, laevigatus. Miaka sita nimekilea, kilianza na tunguu moja. Huchanua mwishoni kabisa, hata Desemba, na siku ya jua unaisikia harufu yake tamu kabla hujainama. Wiki iliyopita nimeinama. Laevigatus ina michirizi ya zambarau kwa asili yake, ila hiyo hukaa nje ya petali tatu za nje, imepangika kama unyoya. Niliyoiona ni mingine: imevunjika vunjika, imeingia hadi petali za ndani, na maua mawili yamepinda shingo. Virusi havina dawa, wakuu. Nimekichimbua kichaka chote. Sikuweka kwenye mboji, nimechoma moto, pamoja na udongo wa juu niliokuwa nautunza kama mtoto. Muuzaji anasema hawezi kuthibitishiwa kwamba ugonjwa ulitoka kwake.

Na hawa si wa peke yao. Kwa wanaoanza: ukiona mtu anauza mbegu za zafarani, huyo ni mwizi, usimpe hata dakika. Zafarani, Crocus sativus, ni tasa. Ina seti tatu za kromosomu, 24 kwa jumla, haitoi mbegu, na tangu enzi na enzi imeenezwa kwa matunguu tu. Sijui hizo mbegu wanazookota ni za nyasi gani.

Kibaya zaidi ni wale wanaouza kolchikamu, mmea mwingine ambao ua lake linafanana na la krokasi, kwa jina la "krokasi ya vuli". Huo si uzembe wa lebo, unaweza kuua mtu. Kolchikamu ina sumu ya kolkisini mwili mzima, na kuna watu wanapanda krokasi ya zafarani wavune nyuzi zake. Hesabu stameni, vile vijiti vya poleni ndani ya ua: krokasi ina tatu, kolchikamu ina sita. Ukikuta sita, usivune kitu, nawa mikono. Tunguu lake nalo ni kubwa mno kulinganisha na la krokasi, na majani yake ya majira ya kuchipua ni mapana, hayana undugu na yale membamba kama nyasi yenye mstari mweupe katikati.

Najua atatokea mtu aseme "si ungepanda tu za kawaida uache tamaa". Mkuu, kama huna cha kuchangia pita kimya kimya.

Kwa muuzaji nataka hela yangu, si mzigo mwingine. Mzigo wake usikanyage tena kwangu hata ukiwa bure, hasa ukiwa bure. Kuanzia sasa napanda kwa mbegu. Miaka mitatu minne kabla ya ua la kwanza, najua, lakini kwa kawaida virusi vya mama havipiti kwenye mbegu, na hakuna wa kunidanganya jina ikiwa nimeona ua lenyewe. Kwa hiyo mwenye banaticus ya kweli, ile yenye petali tatu kubwa za nje na tatu ndogo za ndani, namwomba majira ya kuchipua apapase chini kwenye udongo, vifuko vya mbegu huchomoza usawa wa ardhi na ukichelewa sisimizi wanazibeba mbegu zote. Anitunzie chache, aje PM.

Mimi sina cha kubadilishana zaidi ya hizo "goulimyi". Nimeshafukua tano na kila moja imezungukwa na vitoto vidogo visivyohesabika. Anayezitaka aseme.