Kisima cha Konde, Pemba, na volkano ya Ethiopia

UKOO WA BABU FAKI 🌴 (washiriki 23)

Jumanne, 25 Novemba 2025

[07:12] Shangazi Mwana: Asalaam alaykum wote. Nakumbusha mara ya nne. Fundi wa kisima anataka nusu ya pesa yake kabla ya adhuhuri ya Ijumaa, yaani 2,400,000. Jumamosi mashine inapanda boti kurudi Unguja. Laki 3 kila mmoja, tuko 16 wa kutoa, waliotoa ni 5. Msisome mkanyamaza.

[07:31] Nasra Maskati: Waalaykum salaam shangazi. Yangu na ya mama zote zimo?

[07:32] Shangazi Mwana: Yako imo. Ya mama yako bado.

[09:40] Ami Salum: *Imesambazwa mara nyingi*
VOLKANO ILIYOLALA MIAKA 12,000 IMEAMKA ETHIOPIA!! JUA LITAFUNIKWA NA MVUA ZITAKATIKA AFRIKA MASHARIKI MIAKA 3. WATUMIE UWAPENDAO.

[09:42] Ami Salum: Mnaona sasa. Ndiyo maana vuli haikunyesha. Halafu sisi tukamwage karibu milioni 5 kuchimba shimo kavu? Bora tusubiri, au tuuze kile kipande cha chini kama nilivyosema zamani.

[09:44] Jabir: Watumie uwapendao. Kumbe ami unatupenda 😂😂

[09:44] Shangazi Mwana: Jabir, laki 3.

[09:45] Jabir: 😶

[10:03] Khalfan: Jamani si uongo. Majivu yamefika mpaka huku Konde. Angalieni kifuniko cha tangi.

[10:03] Khalfan: 📷 Picha

[10:06] Mama Zuwena: Yallah tustiri 🤲🏽

[10:06] Mama Zuwena: Nilianua nguo alfajiri zilikuwa na vumbi.

[10:20] Jabir: Khalfan, hilo tangi hujalisafisha toka harusi ya Zuwena. Usimsingizie Muhabeshi wa watu.

[10:21] Khalfan: Wewe ulikuja kwenye hiyo harusi?

[10:22] Jabir: Tusianze.

[10:25] Shangazi Mwana: HAKUNA HARUSI HAPA. Ni kisima.

[13:50] Hidaya (Mwl): Nimetoka darasani sasa hivi. Khalfan, chukua hilo vumbi usugue kwa vidole viwili. Majivu ya volkano ni jiwe na kioo kilichosagika, yanakwaruza kama msasa na hayayeyuki kwenye maji. Ukiona limepaka weusi laini, hayo ni masizi.

[14:15] Khalfan: Limepaka weusi. Vidole vyote.

[14:16] Jabir: Tanuri la chokaa la jirani 😂😂😂 volkano ya Mzee Hamadi

[14:17] Mama Zuwena: Na kweli walichoma juzi.

[14:40] Hidaya (Mwl): Ami Salum shikamoo. Naomba niseme kidogo, maana hili ndilo ninalosomesha na hii habari inakwenda kutuharibia shughuli.
Mlipuko ni wa kweli. Hayli Gubbi, huko Afar, Jumapili asubuhi tarehe 23. Moshi ulipanda kama kilomita 14, upepo wa juu ukauchukua mashariki ukavuka Bahari ya Shamu, ukapita Yemen, Omani, mpaka India. Haukuja kusini kwetu. Nasra atatwambia walichokiona.
Na hiyo 12,000 maana yake hakuna rekodi ya kuripuka kwake kwa muda huo. Si kwamba kuna mtu alikaa akahesabu.

[14:41] Hidaya (Mwl): Sasa ya mvua. Majivu hayapoozi dunia. Majivu ni mazito, yanaanguka baada ya siku chache. Kinachopooza ni gesi ya salfa, na hiyo mpaka ipande ikavuke pale mawingu yanapoishia. Huku karibu na ikweta ni kilomita kama 16 au 17. Ikibaki chini ya hapo, mvua inaiosha na mambo yameisha. Ikivuka, huko juu hakuna mvua ya kuiosha. Inageuka matone madogo mno ya asidi, yanaenea dunia nzima na kukaa mwaka, miwili, mitatu, yakirudisha sehemu ya mwanga wa jua angani.
Hii ya Ethiopia ilifika 14. Na salfa yake haikufika hata tani milioni 1.

[15:02] Ami Salum: Marahaba. Wewe mwalimu wa jiografia lakini mvua iko wapi?

[15:10] Hidaya (Mwl): Ami, volkano imeripuka juzi Jumapili. Vuli tunaingoja toka Oktoba. Utabiri wa vuli dhaifu kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ulitoka mwezi wa 8. Sababu iko baharini: mwaka huu maji ya upande wa Indonesia yamepata joto kuliko ya upande wetu, mawingu yamevutwa huko. Mtoto hawezi kuwa na makosa ya jambo lililotokea kabla hajazaliwa.

[15:11] Jabir: 🔥🔥 mwalimu

[15:12] Shangazi Mwana: Ahsante Hidaya. Basi limeisha. Laki 3.

(Kimya)

[21:37] Nasra Maskati: Samahanini nilikuwa kazini. Huku ilipita juu juu, chini hatukunusa kitu. Jana mbingu ilikuwa na ukungu kidogo wakati wa magharibi, basi. Ila mwenzangu wa kazini alikuwa anakwenda Delhi, ndege yake imeahirishwa. Injini haitaki hayo majivu, yanayeyuka ndani yanaganda.

[21:40] Nasra Maskati: Hidaya nikuulize. Kuna volkano iliyowahi kweli kukata mvua ya watu wa mbali?

Jumatano, 26 Novemba 2025

[05:58] Hidaya (Mwl): Ipo Nasra, na hili si la mzaha.
1991 Pinatubo, Ufilipino. Iliripuka tarehe 15 Juni, moshi ukapanda zaidi ya kilomita 30, na salfa kama tani milioni 15 hadi 20. Wiki tatu tu imezunguka dunia. Mwaka uliofuata dunia nzima ikapoa kama nusu nyuzi. Na mvua za nchi kavu zikapungua, kwa sababu jua likipungua bahari nayo haitoi mvuke kama kawaida.
Kubwa zaidi ni Tambora, Indonesia, Aprili 1815. Mwaka 1816 Ulaya haikuona kiangazi, theluji ilianguka mwezi wa Juni kaskazini mashariki ya Marekani, mazao yakaoza shambani, watu wakala njaa. Hawakujua hata sababu. Mkulima wa Uswisi angejuaje kuwa shamba lake limeharibiwa na mlima wa Indonesia?

[06:04] Hidaya (Mwl): Na moja ya Afrika. 1783 huko Aislandi ardhi ilipasuka mahali panapoitwa Laki, ikatoa moto na gesi miezi 8, salfa kama tani milioni 120. Kaskazini ya dunia ikapoa. Mkanda wa mvua unafuata joto, na kaskazini palipopoa haukupanda kama kawaida. Mvua za milima ya Ethiopia zikawa haba, Mto Nile haukujaa, Misri wakafa njaa. Kutoka Aislandi mpaka Misri. Kila nikilisomesha hili darasa linanyamaza.

[06:30] Ami Salum: KUMBE. Si ndiyo niliyosema? Volkano inakata mvua. Umesema mwenyewe.

[06:33] Hidaya (Mwl): Ami, milioni 120 kwa chini ya milioni 1. Kijiko cha chumvi na polo zima. Sufuria ni ile ile.

[06:35] Jabir: Ami anapika na polo

[06:36] Ami Salum: Wewe mtoto nitakuja kukukuta.

[06:50] Mama Zuwena: Sasa hiyo ya Pinatubo ikitokea tena ipooze dunia si tutashukuru? Joto limezidi.

[07:15] Hidaya (Mwl): Mama Zuwena, ni miaka miwili mitatu tu halafu matone yanaanguka na joto linarudi pale pale. Na huo ubaridi unakuja na ukame wa watu wengine. Mimi siutamani.

[07:16] Jabir: Na ile ya baharini kule Tonga? Nayo si ilipooza?

[07:40] Hidaya (Mwl): Ile 2022 iliripuka chini ya maji, kwa hiyo ilirusha mvuke mwingi mno huko juu, salfa kidogo. Mvuke wenyewe unazuia joto lisitoke. Ndiyo maana hazifanani, lazima uulize imetoa nini na imefika wapi.

[07:41] Shangazi Mwana: Hidaya mwanangu nakupenda lakini tumefika Tonga na kisima kiko Konde. Mambo mawili. Ya mama Nasra, na ya Jabir.

[07:42] Jabir: Mshahara ni Ijumaa shangazi.

[07:42] Shangazi Mwana: Ijumaa kabla ya adhuhuri?

[07:58] Jabir: Inshallah

[08:10] Ami Salum: Mimi bado nasema hivi. Tukichimba mita 40 tukakosa maji, nani atarudisha pesa? Tuweke vitu kwa hesabu. Safari hii nataka risiti.

[08:11] Shangazi Mwana: Risiti wewe?

[08:11] Shangazi Mwana: Wewe Salum ndiye wa kudai risiti?

[08:12] Khalfan: 👀

[08:13] Ami Salum: Ya pampu yalishakwisha. Tulikaa, tukasameheana, fatha ikasomwa.

[08:14] Shangazi Mwana: Fatha ilisomwa. Pampu haikuonekana.

[08:15] Ami Salum: *Ujumbe huu umefutwa*

[08:16] Nasra Maskati: Jamani tafadhalini. Kuna watoto humu.

[08:20] Jabir: Hali ya hewa imeharibika bila volkano

[08:21] Mama Zuwena: Jabir nyamaza.

(Kimya)

Alhamisi, 27 Novemba 2025

[16:48] Maryam: Asalaam alaykum. Niko na Bi Asha hapa kibarazani. Nimemsomea yote toka Jumanne. Kasema nimuandikie vile vile anavyosema, nisipunguze.

[16:55] Maryam: "Mie sina miwani ya kusoma simu lakini masikio ninayo. Habari ya mlima wa Ethiopia nimeisikia. Hidaya, mtoto wa Saada, kasoma na maneno yake nimeyakubali, maana kaskazi bado haijatua, na mimi mvua ya vuli iliyokosekana nimeiona mara nyingi kabla ya mlima huo."

[16:57] Maryam: "Kisima kile cha zamani kakangu alikichimba kwa mikono. Mie msichana, nikibeba udongo kwa pakacha. Alichimba mwaka wa ukame, watu wakamcheka. Hakungoja mvua ije ndipo achimbe."

[17:01] Maryam: "Salum. Pampu najua ilipo. Najua toka mwaka ule. Nimekaa kimya kwa ajili ya mama yako, na mama yako keshatangulia mbele ya haki. Mie sikudai. Lakini usiniletee tena mambo ya risiti, wala kile kipande cha chini usikitaje nikiwa hai."

[17:02] Maryam: Amesema basi. Amekwenda kutia udhu.

[17:30] Khalfan: Bibi shikamoo.

[18:40] Mama Zuwena: Shikamoo bibi. Allah akuweke.

[18:41] Nasra Maskati: Shikamoo bibi 🤲🏽

[22:15] Hidaya (Mwl): Shikamoo bibi.

Ijumaa, 28 Novemba 2025

[06:20] Shangazi Mwana: Nimeamka usiku nikalia. Sitalirudia la pampu. Leo ndiyo leo. Mkononi 1,500,000. Pungufu laki 9.

[09:05] Khalfan: Nimetuma 150,000. Nyingine mwezi ujao wallahi, karafuu safari hii nimechuma kidogo, majamvi mawili tu.

[10:30] Jabir: Nimetuma 300,000. Angalia shangazi.

[10:33] Shangazi Mwana: Imeingia. Allah akuzidishie mwanangu. Mkononi 1,950,000.

[10:34] Jabir: Amin. Naomba nitolewe kwenye orodha ya watu wabaya.

[11:10] Shangazi Mwana: Salum?

[11:42] Shangazi Mwana: Salum nimekupigia mara tatu.

[12:20] Shangazi Mwana: Fundi nimempigia. Nimemwambia 1,950,000 ipo. Hakukubali, hakukataa. Anasema boti ya Jumamosi ina nafasi chache za mzigo, akikosa nafasi atabaki mpaka Jumatatu.

[12:21] Mama Zuwena: Sasa tuombe boti ijae au isijae?

[14:50] Hidaya (Mwl): Shangazi, mkishuka naye shambani muulizeni visima vya jirani vina kina gani na maji yalipatikana mita ngapi. Hilo ndilo litakalotwambia kama shimo litakuwa kavu. Na kingine, maji yakipatikana ayaonje, sisi tuko karibu na bahari, isiwe chumvi.

[15:06] Shangazi Mwana: Nitamuuliza.

[19:33] Ami Salum: Asalaam alaykum. Nilikuwa kwa Bi Asha toka baada ya Ijumaa. Tumezungumza, yaliyobaki ni yangu na yeye.

[19:34] Ami Salum: Laki 3 yangu nitaileta. Kama si kesho, keshokutwa. Na kuna kitu kingine nitakileta na gari, Khalfan usitoke nyumbani asubuhi.

[19:35] Khalfan: Kitu gani ami?

[19:52] Jabir: Khalfan usiulize.

[20:10] Nasra Maskati: Shangazi, mama anasema yake atampa mtu anayekuja huko wiki ijayo.

[20:11] Shangazi Mwana: Wiki ijayo ni lini? Wiki ijayo haina jina?

[20:40] Mama Zuwena: Hidaya, na huko Afar kwenyewe watu wako vipi?

[20:58] Hidaya (Mwl): Nimesoma kuwa vijiji vya karibu vimefunikwa na majivu. Ni wafugaji. Malisho yote yamefunikwa, mbuzi na ngamia hawana cha kula. Wao hawana haja ya kungoja tabianchi ibadilike.

[21:00] Mama Zuwena: La haula. Tuwaombee.

[21:04] Shangazi Mwana: Amin. Waliobaki bila kutoa hata shilingi ni 9, majina nayajua, nayaandika kesho baada ya alfajiri.

Jumamosi, 29 Novemba 2025

[06:47] Khalfan: Ami kafika.

[06:47] Khalfan: 📷 Picha

[06:49] Jabir: 😳

[06:50] Shangazi Mwana: Iko ndani ya boksi bado?

[06:51] Khalfan: Boksi lenyewe. Gundi haijafunguliwa.

[07:30] Shangazi Mwana: Fundi hapokei simu. Kuna anayejua boti ya leo imeondoka saa ngapi Wete?