Iowa Barnstormers: ni timu moja au timu tatu zenye jina moja?

Kazeh_Mjini (Tabora)

Wakuu, salaam. Naandaa ukurasa wa gazeti la ukutani la chuo hapa Tabora kuhusu futiboli ya Kimarekani ya ukumbini. Timu niliyoichagua ni Iowa Barnstormers ya mji wa Des Moines, na nimekwama kwenye mwaka wa kuanzishwa. Pengine nakuta 1995, pengine 2001, pengine 2008. Ligi nazo ni AFL, af2, IFL, na haielezwi zinahusianaje. Halafu wanafunzi wa michezo wanataka kuuchora uwanja wenyewe kwa chokaa ili wenzao waone udogo wake, lakini vipimo vyote vimeandikwa kwa futi na yadi. Naomba msaada.

Ujiji_Kwetu

Mkuu, miaka yote mitatu ni sahihi, ila kila mmoja una leseni yake, yaani haki ya timu kucheza kwenye ligi.

Barnstormers ya kwanza ilianza 1995 kwenye Arena Football League, ndiyo AFL. Mmiliki alikuwa Jim Foster, yule yule aliyebuni mchezo huu. Mwaka 1981, akitazama soka la ukumbini pale Madison Square Garden, alichora uwanja mdogo juu ya bahasha. Mechi ya majaribio ikachezwa Rockford, Illinois, 1986, na ligi ikaanza 1987 na timu nne tu. Huko Des Moines kocha alikuwa John Gregory, na kotabeki, yaani mrushaji mkuu wa pasi, alikuwa Kurt Warner, ambaye Green Bay Packers ya NFL, ligi kubwa ya futiboli ya Kimarekani ya nje, walimwacha 1994 akaenda kupanga bidhaa dukani usiku. Alicheza pale 1995 hadi 1997. Fainali mbili mfululizo walifika na zote wakapoteza: 1996 kwa Tampa Bay Storm 42–38, na 1997 kwa Arizona Rattlers 55–33.

Baada ya msimu wa 2000 leseni hiyo ilihamia New York, timu ikaitwa New York Dragons na ikacheza hadi msimu wa 2008. Mtu wa Tabora hapa hahitaji maelezo marefu, maana klabu ya soka ya Kitayosce iliyopanda Ligi Kuu 2023 ndiyo ikawa Tabora United: klabu ile ile, jina jipya. Iowa wao walifanya kinyume: jina likabaki nyumbani, leseni ikaondoka.

Barnstormers ya pili ni ya 2001, kwenye af2, ligi ya daraja la chini ya AFL iliyoanza 2000. Ilidumu msimu mmoja.

Ya tatu ndiyo ya 2008, nayo ilianzia af2, safari hii kwenye ukumbi mkubwa uliofunguliwa 2005 kwa jina la Wells Fargo Arena. Hapo ndipo wengi wanapopotea. AFL haikucheza msimu wa 2009, ikafilisika. Af2 nayo ikavunjwa mwaka huo huo. Wamiliki kutoka pande zote mbili wakaungana, wakanunua mali za AFL kwenye mnada wa ufilisi Desemba 2009 kwa dola milioni 6.1, na 2010 wakaanza kucheza kwa jina lile lile la AFL. Kwa hiyo AFL ya Warner na AFL ambayo Barnstormers walicheza 2010 hadi 2014 ni kampuni mbili tofauti. Mwaka 2015 wakahamia Indoor Football League, IFL, na 2018 wakatwaa ubingwa kwa kuifunga Sioux Falls Storm 69–68.

Ukurasani andika hivi: jina ni la 1995, timu ya sasa ni ya 2008.

Chokaa_na_Kamba (Kigoma)

Mimi nijibu la uwanja. Kati ya mistari ya magoli ni yadi 50, yaani mita 45.72. Nyuma ya kila mstari kuna eneo la kufungia lenye yadi 8, mita 7.32. Jumla ya urefu mita 60.35, upana futi 85, mita 25.91. Vipimo hivyo vimetokana na uwanja wa hoki ya barafu, kwa sababu kumbi nyingi za Marekani zimejengwa kwa ajili yake.

Uwanja wa soka wa kawaida una upana wa mita 68, basi uchoreni kwa kukingama, kutoka mstari wa pembeni mmoja hadi wa pili. Inabaki kama mita 3.8 kila upande. Kona zipigwe kwa kamba ya pembetatu yenye pande za mita 6, 8 na 10, ili ziwe mraba, kisha pima mshazari wa mstatili mzima: mita 65.68. Mishazari miwili ikipishana zaidi ya sentimita 10, rudieni kona kabla ya kumwaga chokaa.

Mistari ya kila yadi 5 pimeni yote kutoka mstari mmoja wa goli bila kuhamisha futi kamba: 4.57, 9.14, 13.72, 18.29, na katikati 22.86, kisha mwendelee hivyo hadi ng'ambo. Mkipima kutoka mstari hadi mstari, makosa madogo yanajumlishana na mstari wa mwisho unakataa kuangukia mahali pake.

Wachezaji ni 8 kila upande. Nguzo za goli zina upana wa mita 2.74 tu, na mwamba uko juu mita 4.57. Kwenye NFL ni mita 5.64 kwa 3.05.

Ujiji_Kwetu

Usisahau nyavu, ndizo zilizotenganisha AFL na IFL. Kila upande wa goli kulining'inizwa wavu wa mita 9.14 kwa 9.75, na mpira ukigonga pale ukarudi, mchezo unaendelea. Foster alipata hataza yake, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, 1990, nayo ikaisha 2007. Miaka hiyo yote ligi nyingine za ukumbini hazikuweza kutumia nyavu hizo, zikaunda kanuni bila nyavu. IFL ina utamu wake: mpira wa kuanzia ukipita katikati ya nguzo za goli, pointi 2.

Kazeh_Mjini (Tabora)

Shukrani sana. Swali dogo: 1997 Warner ana pasi 79 za tachidauni, yaani za kufunga kwenye eneo la kufungia. Namba hiyo ni sahihi kweli? NFL sijaona kitu kama hicho.

Mshazari

Sahihi kabisa, tena kwa mechi 14 za msimu wa kawaida. Uwanja ni nusu, hakuna kupiga mpira kwa mguu ili kuurudisha kwa wapinzani mbali, na ukuta wenye magodoro uko kwenye mstari wa pembeni, hivyo mpira hauna pa kupotelea. Magoli lazima yawe mengi. Usiiweke kwenye jedwali moja na takwimu zake za St. Louis Rams, timu yake ya NFL.

Wala usijumlishe ushindi wa vipindi vyote vitatu kama rekodi ya timu moja. Ningeweka safu nne: mwaka, ligi, mji, leseni. Safu ya leseni ndiyo watu huiacha, kisha Dragons wanaonekana kama wametoka hewani.

Chokaa_na_Kamba (Kigoma)

Kuhusu nyavu: ukingo wake wa chini uko futi 8 juu ya ardhi, mita 2.44, sawasawa na mwamba wa goli la soka. Kama hamna nguzo ndefu, wekeni alama ya urefu huo kwa kamba tu, yatosha kuonyesha zinapoanzia.