Naanza kujifunza poka: nishike lipi kwanza?

Mkaazi wa Wete: Assalamu alaikum, ndugu zangu. Tunacheza poka bila ya fedha, kwa kete za bao tu, nami hubaki mchezoni hadi karata ya mwisho na kete zote zikaniishia. Nianzie wapi?

Wa Ng'ambo: Waalaikumu salaam. Jifunze kwanza kuacha, kwani katika poka ya karata mbili mkononi na tano mezani, mwenye ree mbili ana sababu ya kuendelea, ila mwenye saba ya uru na mbili ya kopa aziweke chini mapema.

Wa Mkoani: Naongeza kwamba karata tano za shupaza hushinda mfululizo, yaani karata tano zinazofuatana, wa aina mchanganyiko, kwa sababu hupatikana kwa nadra zaidi.

Mkaazi wa Wete: Ahsanteni, nilidhani mfululizo ndio mkubwa.