Igizo la nyimbo: waimbe laivu au wapigiwe CD? (Na aliyekula sato msibani ajitokeze)

Kiti cha Mbele
Wakuu, nina jambo limenikaa rohoni tangu Jumamosi. Mimi ni mtu wa maigizo. Nikisikia kikundi kinaonyesha, iwe ukumbi wa mjini hapa Mwanza, viwanja vya Furahisha au kwa wanafunzi kule Malimbe, nalipa kiingilio naenda. Jumamosi nimetoa elfu kumi kuona igizo la nyimbo, hadithi ya mjane wa mvuvi. Mwigizaji mkuu anafungua kinywa kuimba mbolezi, wimbo wa msiba, inatoka sauti ya studio: kinanda, mwangwi, waitikiaji kama wanane. Jukwaani yuko peke yake na kanga. Katikati ya ubeti akakohoa. Wimbo ukaendelea.

Swali langu ni moja. Igizo la nyimbo likipigiwa CD, bado ni igizo? The Lion King inaonyeshwa New York tangu 1997 na watu wanaimba kwa koo zao kila siku, wapiga ngoma wamekaa pembeni huku na huku unawaona kwa macho. Maneno nusu ni ya kwetu, simba, rafiki, hakuna matata, halafu kuimba tunawaachia wao?

Na yule bwana wa safu ya tatu aliyefungua foili akatoa sato wa kukaanga wakati maiti anaingizwa: kaka, ule ni ukumbi, si soko la samaki la Mwaloni.

Dagaa wa Mwaloni
Mwaloni kuna nini? Jibu hilo kwanza, mambo ya CD baadaye. Niko Mwaloni mwaka wa kumi na nne, napakia magunia ya dagaa yanakwenda Kongo na Burundi. Nikienda kwenye maonyesho nimeoga, nimevaa dera langu, nimelipa elfu kumi kama wewe. Halafu mtu anayeshinda na samaki tangu alfajiri hana hamu ya kumwona tena usiku. Huyo mlaji katafuteni kwenu.

Safu ya Tatu
Mlaji ni mimi, na si wa Mwaloni, ni fundi gereji Igoma. Tangazo liliandikwa saa kumi na mbili jioni. Wameanza saa mbili kasoro robo. Nimetoka kazini moja kwa moja, daladala mbili, tumboni nina chai ya saa nne asubuhi. Nilisubiri wachekeshe watu wacheke nifungue foili, hawakuchekesha. Nikasubiri makofi, hakuna makofi. Maiti alipoingia ngoma zikalia kweli kweli, nikajua hapa foili haitasikika. Kumbe ngoma zenyewe ni za CD, zikakata ghafla kama umeme. Ndipo mliponisikia. Kwa hiyo mleta mada, hata mimi naunga mkono laivu.

Mpiga Kinanda
Nirudi kwenye mada. Nimepigia vikundi vitatu hapa mjini. Laivu si suala la moyo, ni vyombo. Mazoezi mnafanyia darasani, mna simu na spika ya mkononi. Siku ya onyesho vyombo vya kukodi vinaletwa saa kumi, na mwenye vyombo ana harusi usiku huohuo, kwa hiyo anawaachia maikrofoni mbili, moja ya waya inapiga mluzi ukisogea karibu na spika. Waigizaji kumi na moja. Unampa nani? Na sauti isiyo na maikrofoni kwenye ukumbi wenye feni za dari na vioo vinavyopitisha kelele za bodaboda haivuki safu ya nne. Mnaotaka laivu semeni kiingilio kiwe elfu ishirini na mje siku mbili mfululizo.

Kijana wa Nyegezi
Elfu ishirini nikamsikilize mtu anatafuna miiba? Tatizo letu ni ustaarabu. Wenzetu ukumbini ni kimya mpaka unasikia jirani akimeza mate. Ndiyo maana Nyerere alitafsiri Romeo na Juliet, ili tujifunze kukaa kwenye tamthilia kama watu.

Mwalimu Mstaafu
Kijana, usimsingizie marehemu. Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar, ikatoka 1963, na Mabepari wa Venisi, 1969. Romeo hakumgusa. Alitaka kuonyesha Kiswahili kinabeba mzigo wowote. Habari ya kukaa kama watu umeiongeza wewe.

Kijana wa Nyegezi
Shikamoo mwalimu. Nimekosea kitabu, sijakosea hoja.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Na hoja umekosea. Watazamaji wa huyo Shakespeare walisimama uwanjani kwa peni moja, wakila. Mwaka 1989 walipofukua mabaki ya ukumbi wa Rose pale London, walikuta maganda ya njugu na ya chaza. Chaza, kijana, ndani ya ukumbi! Kimya mnachokisujudia ni cha majuzi. Wagner, mtunzi wa opera, alipofungua ukumbi wake Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876 akawaweka watazamaji gizani, na hilo lilikuwa jambo geni kwao.

Niliwahi kusimamia kidato cha tatu wakiigiza tamthilia ya Ngoswe. Wote mmeisoma, mnajua Mitomingi anachoma makaratasi ya sensa. Vijana wangu wakaleta karai na moto wa kweli, na makaratasi yenyewe yalikuwa mitihani ya zamani, imekaa stoo imepata unyevu. Moshi ukajaa bwalo zima. Mama mmoja mzazi akasimama nyuma: "Mitomingi, baba, zima, tumekuelewa!" Mitomingi akamjibu, bado ana hasira za kwenye kitabu, "Mama, binti yangu ameshatoroshwa!" Bwalo likalipuka. Sijaona tena tamthilia iliyoeleweka vile. Na kwa wanaoona huo ni ushamba wetu, ukumbi wa Globe, wa Shakespeare huyohuyo, uliteketea 1613 kwa mzinga waliopiga katikati ya mchezo, na bwana aliyeshika moto suruali alizimwa kwa chupa ya bia.

Safu ya Tatu
Asante mwalimu. Chaza. Mimi na sato wangu mmoja naambiwa mshamba.

Furu wa Mwisho
Huo ukumbi wa kimya ni sangara. Kaletwa miaka ya 1950 na watu waliodhani ziwa letu lina samaki wadogo wasio na maana. Mkubwa, mweupe, anapendeza kwenye picha. Akala furu, hao wadogo wetu, karibu wote. Sasa tunaambiwa samaki ni yeye.

Kijana wa Nyegezi
Minofu ya huyo sangara imesomesha watoto wa nusu ya mkoa huu, mkuu. Usimtukane ukiwa umeshiba.

Kisumu Moja kwa Moja
Nawasoma kutoka ng'ambo ya ziwa nikicheka peke yangu. Kwanza huyo sangara wenu ni mbuta, na huyo sato ni ngege. Pili, njooni huku muone vikundi vinavyozunguka shuleni na tamthilia za vitabu teule. Wanafunzi mia kadhaa kwenye bwalo la chakula. Wameikariri mpaka mwigizaji akisita kidogo wanamalizia wao. Nimeona mtu akipewa mstari wake na kidato cha pili nzima. Alisema asante akaendelea.

Safu ya Tatu
Ngege ni jina la ndege. Sato ni sato.

Kisumu Moja kwa Moja
Ndege gani sasa?

Kiti cha Mbele
Nimeuliza kuhusu kuimba. Uzi wangu umegeuka soko la samaki.

Dagaa wa Mwaloni
Tena! Soko la samaki ni tusi? Mara ya pili hii. Na bado hujanijibu.

Mtoto wa Kisesa
Mnazunguka mbali bure. Nendeni Bujora, hapa Kisesa, wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma, mwezi wa sita. Vyama viwili vya ngoma, Bagika upande huu, Bagalu upande ule, wanacheza kwa wakati mmoja. Hakuna zamu. Hakuna mshereheshaji wa kukuomba uzime simu. Watu wanakwenda wanakovutwa, na waliovuta wengi ndio washindi. Nimewaona wa bugobogobo, ngoma ya majembe, wakirusha majembe juu na kuyadaka, umati wote uko kwao, mara upande wa pili anatolewa chatu mtu anamzungusha shingoni. Watu walikimbia kuvuka uwanja, wa majembe wakabaki na watoto na bibi mmoja aliyekuwa na mguu mbovu. Hawakulalamika kuwa watazamaji hawana adabu. Walirudi na jembe lenye moto.

Ukiwa na chatu huhitaji kumwambia mtu anyamaze. Mjane wenu alishindwa na foili, basi.

Kiti cha Mbele
Sasa kila igizo liwe na chatu? Kuna mambo hayachezwi kwa majembe. Mwanamke anakaa kimya jukwaani dakika mbili baada ya kuambiwa mtumbwi umerudi bila mumewe. Ile dakika mbili ndiyo igizo lenyewe. Ukiipeleka kwenye mashindano ya Bulabo inakufa hata kabla ya chatu. Ngoma nazipenda, na mimi mzazi wangu ni Mgalu, lakini msifanye kana kwamba hadithi zote ni ngoma. Kitereza wa Ukerewe aliandika ndoa ya Myombekere na Bugonoka ndani ya nyumba, watu wanaagana, wanasubiriana, wanaulizana habari kurasa na kurasa. Mtu akija kuiigiza hiyo utamtolea jembe la moto?

Mtoto wa Kisesa
Kama mzazi ni Mgalu mbona hukusema mapema. Sisi ni Bagika. Ndiyo maana hatuelewani.

Aliyevaa Kanga
Niliyekohoa ni mimi.

Nimeimba kwaya tangu darasa la nne, sauti ninayo, kwa hiyo mniache na hilo la "hawawezi". Wimbo ule tulirekodi kwa sababu onyesho la kwanza niliimba mwenyewe, na nilipofika ubeti wa pili watu walipanda jukwaani kunitunza. Mmoja akanibandika elfu mbili kwenye paji la uso, mwingine akawa anacheza mbele yangu na simu anarekodi. Nalia mume wangu amezama, mbele yangu mtu anakata kiuno. Nikapoteza sauti. Mwongozaji akasema basi, turekodi, wakija kutunza wimbo usianguke. Ndiyo sababu. Si uvivu, si kukosa ustaarabu wa Ulaya.

Ile dakika mbili ya kimya aliyoitaja Kiti cha Mbele ni yangu. Nashukuru kwamba kuna mtu aliiona. Foili niliisikia. Kikohozi kilikuwa moshi wa ubani, tuliuweka karibu mno na jeneza.

Dagaa wa Mwaloni
Mdogo wangu, pole, lakini kutunza usituondolee. Tumelelewa na TOT na Muungano, vikundi vya ngoma na maigizo, mtu akikugusa moyo utakaa umekunja mikono? Mimi nimewahi kutunza maiti. Kabisa. Jamaa alikufa vizuri, kalala, hapepesi hata jicho, nikaguswa nikaenda nikamwekea elfu tano kifuani. Mkono wa marehemu ukapanda taratibu ukaifunika ile noti isidondoke. Ukumbi ulipiga kelele nusu saa. Hiyo kwenye CD utaipata wapi?

Kijana wa Nyegezi
Kwa hiyo igizo likaharibika.

Dagaa wa Mwaloni
Halikuharibika. Wewe hukuwepo.

Aliyevaa Kanga
Dada, shikamoo. Ya maiti imenichekesha, nakiri. Ila maiti haimbi. Ningeomba tu mtu asubiri wimbo uishe. Akija mwishoni na hata mia tano nitampigia magoti.

Mpiga Kinanda
Niliandika kuhusu maikrofoni na hakuna aliyenijibu, sawa. Sasa dada Kanga, ukiimba bila bendi kabisa, ngoma moja tu nyuma yako, hiyo hata mluzi hauna pa kuingilia. Mbolezi haihitaji kinanda. Ngoma ninayo, naweza kuja Jumamosi zote mbili. Malipo tutaelewana, ila nauli kutoka Buhongwa mnilipie, na tuanze saa tuliyoandika.

Safu ya Tatu
Saa iliyoandikwa, tafadhali. Nitakuwa nimeshakula.

Kiti cha Mbele
Niwekeeni tiketi moja ya mbele.

Furu wa Mwisho
Kwa hiyo laivu au CD?

Dagaa wa Mwaloni
Subirini kwanza. Huyu wa kiti cha mbele hajasema bado Mwaloni kuna nini.