Historia: UDSM, chuo cha kanisa hapa nchini, au chuo kidogo cha Kikristo Marekani?

Mwana wa Dunda
Shikamooni wakubwa, vijana wenzangu mambo. Nimemaliza kidato cha sita, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), divisheni ya pili. Nataka kusoma historia, na hilo halina mjadala tena hapa nyumbani Bagamoyo, baba kashachoka kubishana. Njia ni tatu. UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Au chuo cha kanisa, nawaza St. John's Dodoma au SAUT Mwanza, niichukue pamoja na ualimu. Ya tatu ndiyo inayoninyima usingizi: chuo kidogo cha Kikristo Marekani kimenipokea na kunisamehe zaidi ya nusu ya ada. Huko ni miaka minne, hapa mitatu. Mwaka wa kwanza historia ni kidogo tu, zaidi ni fasihi, sayansi, falsafa, Biblia. Mimi Mwislamu, niliandika hivyo kwenye fomu na hawakuona neno. Niende wapi?

Kijana wa Chumbageni
Marekani! Unauliza nini sasa?

Mwalimu wa Ngamiani
Chumbageni una haraka kama konda wa basi la alfajiri. Kijana, kwanza jiulize utakula nini baadaye. Ukitaka kufundisha sekondari, digrii ya historia peke yake haitoshi, itabidi uongeze stashahada ya uzamili ya ualimu. Ya nje lazima pia uipeleke TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, itambuliwe. Kwenye chuo cha kanisa hapa unatoka na vyote viwili kwa miaka mitatu, na mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo, unaomba kama mwenzako wa chuo cha serikali. Bumu la kusomea Marekani hakuna. Na kwenye mtaala mpya kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, walimu watahitajika. Ila sitakuficha, mimi nilisoma chuo cha kanisa (sikitaji) na darasani tulikuwa zaidi ya mia mbili. Mhadhiri anasoma noti, sisi tunanakili. Mtihani ukifika unamrudishia maneno yake.

Bint Pangani
Mdogo wangu, mimi nimesoma chuo cha aina hiyo hiyo uliyopata, nimerudi mwaka juzi. Darasani tulikuwa tisa, meza moja, mwalimu kakaa katikati yetu. Pa kujificha hapana. Usiposoma kurasa zako themanini unajulikana kabla hujafungua mdomo.

Wiki moja tukafika kwenye wamisionari wa Afrika Mashariki, na nakutana na nini? Bagamoyo yenu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walioanza misheni 1868, kijiji cha watumwa waliokombolewa, na mwili wa Livingstone kupitishwa hapo Februari 1874, Mprotestanti kulazwa kwa Wakatoliki. Wenzangu wakaona ni hadithi ya wema, wakafunga vitabu. Mwalimu akauliza: waliokombolewa wenyewe wamesema nini? Tukapekua. Wanahesabiwa, wanabatizwa, wanalima. Kusema, hawasemi. Nikajitosa na masimulizi ya bibi yangu kuhusu misafara, nikidhani nitashangiliwa. Akaniuliza: bibi alisikia kwa nani, na huyo alikuwa upande gani wa mnyororo? Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikampigia bibi.

Mnaodhani chuo cha Kikristo ni kulishwa habari za watakatifu, mwalimu huyo huyo, mzee wa kanisa, ndiye aliyetusomesha jinsi makanisa ya Marekani yalivyopasuka kwa sababu ya utumwa, Wabaptisti wa kusini wakajitenga 1845. Lakini vyuo havifanani. Vingine vinamtaka mwanafunzi atie saini tamko la imani. Kwetu ibada ilikuwa mara tatu kwa wiki na mahudhurio yanahesabiwa. Uliza kabla.

Machungu sasa. Hiyo ada iliyobaki, bima, chakula, tiketi, na bweni linafungwa Krismasi huna pa kwenda. Kabla ya visa utaonyesha fedha za mwaka mzima wa kwanza. Kazi wakati wa masomo haizidi saa 20 kwa wiki, humo humo chuoni. Nimeosha sahani mpaka vidole vikakunjamana.

Mkaa Maktaba
Mnaipita UDSM kama kituo kisicho na abiria. Ndipo alipofundisha mwanahistoria Terence Ranger, akafuata Isaria Kimambo, na Walter Rodney akaandikia hapo kitabu chake cha jinsi Ulaya ilivyoididimiza Afrika, kilichotoka 1972. Nyaraka za Taifa, pamoja na mafaili ya Wajerumani, ziko Dar hiyo hiyo. Huyo wa Marekani akitaka kuandika tasnifu juu ya Abushiri, aliyepigana na Wajerumani huku pwani, atapanda ndege kuja tulipo.

Bint Pangani
Kweli kuhusu mafaili, hapo umenishinda. Lakini Rodney aliondoka 1974, hatamsomesha huyu mtoto. Aangalie anayefundisha leo, na darasa lina watu wangapi.

Mwalimu wa Ngamiani
Mia mbili hatuzitaki tena.

Mwana wa Dunda
Asanteni sana. Nimewaandikia Marekani, nimeomba orodha ya vitabu vya somo moja tu la historia na hesabu kamili ya kile ambacho msamaha haugusi. Baba anasema tuuze kiwanja cha Kaole, mama hataki kusikia. UDSM naomba vilevile, dirisha likifunguliwa.

Kijana wa Chumbageni
Paspoti unayo?

Mwana wa Dunda
Bado.

Kijana wa Chumbageni
Halafu mimi ndiye mwenye haraka.