Tupeane uzoefu: Dodoma–Dar, wewe huwa unatumia saa ngapi hasa?

Wakuu salaam. Hapa ofisini ubishi hauishi. Wa ndege anasema saa moja tu, wa treni anasema saa tatu na nusu, wa basi kainamia simu yake. Barabara ni kama kilomita 450, na ukikata hewani moja kwa moja ni kama 400, kwa hiyo tofauti haiko kwenye umbali. Msiniwekee muda wa kwenye tiketi. Nataka toka unafunga mlango Kisasa mpaka unapiga hodi kwa mwenyeji wako Dar. Karibuni.

Mtoto wa Nkuhungu
Ndege utamu wake uko upande wetu huku. Uwanja uko mjini, boda inakufikisha getini hata hujamaliza kujifunga koti. Mziki unaanza ukitua Dar jioni. Toka Kipawa mpaka Tegeta nimewahi kukaa kwenye foleni kuliko nilivyokaa angani. Na uwanja mpya wa ndege wa Msalato ukifunguliwa hata hiyo boda ya bei chee tutaisahau, kule ni kilomita kama 12 nje ya mji.

Konda Mstaafu
Vijana mnalisema basi bure. Mwisho wa mwendo ni 80, na kuna kifaa kinakuchoma ukizidisha. Haya, 450 gawa kwa 80: saa tano na nusu na ushee, hapo hujasimama popote! Weka mizani, weka vibao vya 50 kila kijiji, weka chakula Morogoro, weka abiria wa Kibaigwa na magunia yake, halafu malori ya Chalinze mpaka Kibaha. Saa nane ni halali yenu. Zamani tulikuwa tunawahi, ila msiniulize tuliendeshaje.

Mama Zabibu
Mimi treni ya umeme naipenda, tangu ilipofika Dodoma Julai 2024, wakati huo nauli ilikuwa 31,000 daraja la kawaida. Nikienda Kariakoo sina mjadala, inanishusha katikati ya jiji. Lakini binti yangu anakaa Kibamba. Nikipanda treni napitishwa Pugu mpaka mjini, halafu nianze kurudi na barabara ya Morogoro na ndoo za zabibu na kiroba cha karanga, daladala zimejaa. Basi linapita pale pale kwake, nashuka, mjukuu ananipokea barabarani. Kwa hiyo anayeuliza kipi kinawahi, kwanza aseme anashukia wapi.

Mdau wa Area C
Mama umemaliza. Mbezi na Kibaha ni basi, Posta ni treni. Ndege ni ya mwenye kikao saa nne na anayelipiwa na ofisi, tusidanganyane.

Mrangi Asilia
Mnaongelea Dar tu. Sisi wa Arusha zamani tulizungushwa Morogoro, Chalinze, Segera, Moshi, safari ya kuchosha mpaka mifupa. Sasa lami ya Kondoa mpaka Babati ipo, Dodoma mpaka Arusha ni kilomita mia nne na kitu tu, na unapita Kolo kwenye michoro ya mapangoni. Hiyo ndiyo barabara iliyobadilisha maisha yangu, siyo reli.

Mwenye uzi
Mrangi, basi za Kondoa unapandia Nanenane?

Mrangi Asilia
Nanenane, mkuu. Kata tiketi jana yake na uwahi alfajiri, ukichelewa utakaa siti ya nyuma, na kule Kondoa kuna kona.