Mrejesho: mwani wangu wa chupani

Mwezi jana niliwauliza kwa nini mwani wangu mdogo, ule usioonekana kwa macho, hufa kila nikiutia maji ya mkondo wa Tudor, Mombasa. Wengi mlisema ni bakteria, nichemshe. Nimechemsha. Siku ya nne chupa ya Tudor ikageuka manjano hafifu, utando wa kijivu ukajilaza chini. Chupa ya pili, ya maji ya Nyali, ng'ambo ya mji huohuo, iliyochemshwa vilevile, kijani kibichi. Chumvi nilipima, sawa. Basi nashuku shaba ya rangi za kupaka matumbo ya boti: moto hauiondoi. Tena bakteria wengine wana kheri, huupa mwani vitamini B12. Imeniuma, maana vifaranga vya samaki aitwaye mwatiko hula mwani huohuo. Asanteni sana, hasa uliyesema niweke chupa mbili.